Hema Alimolala Kamande

Ndugu waombolezaji, kabla sijafika kwenye kuzaliwa kwake, nakiri kwamba lipo jambo moja katika maisha ya kaka yangu ambalo mpaka leo silijui, nalo ni mkono wa nani uliobadilisha namba ya hema alasiri ya Jumanne, tarehe 8 Juni 2021.

Marehemu Kamande Gathogo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Karatina, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1968, kisha sekondari Nakuru hadi 1978. Mwaka 1982 aliajiriwa Mombasa kama karani wa forodha kwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, na huko akakutana na Margaret, wakafunga ndoa tarehe 12 Agosti 1989, wakajaliwa Griffins mwaka 1991 na Tatiana mwaka 1996. Septemba 1998 walihamia hapa Edmonton, London, naye akapata kazi kwa wakala wa mizigo karibu na uwanja wa ndege, akiketi meza moja na Kanti, mkazi wa Southall, mzaliwa wa Kisumu, mtu pekee kazini aliyeweza kubishana naye kwa Kiswahili kuhusu chapati za nyumba gani ni laini zaidi.

Kazi yake ilikuwa kuipa kila bidhaa inayoingia nchini namba inayoonyesha itozwe ushuru gani, na hakuwa mtu wa kuamini karatasi ya muuzaji. Mahema yakija aliomba moja, akalisimamisha uani, akavua viatu, akalala ndani, na siku moja Ryan wa stoo alimkuta anakoroma saa sita mchana, tangu hapo akawa anamwita mwenye nyumba.

Siku hiyo ya Juni yalikuja mahema ya wapanda milima, mepesi, ya kubebwa mgongoni, yenye tabaka mbili za kuzuia mvua. Kaka alilala, akatoka, akasema, "Hili ni la mtu mzima," akaliandika kwenye fungu la mahema, linalotozwa ushuru, akaenda nyumbani. Kabla ya jioni tamko la forodha kwenye kompyuta lilisomeka mahema ya kuchezea watoto, yasiyotozwa kitu, likiwa na jina lake. Mwezi Julai maofisa wa forodha walifungua maboksi, wakaona si ya watoto. Nywila yake ya kuingilia kwenye kompyuta aliijua mtu mmoja tu, Kanti, aliyepewa mwaka 2009 amalizie kazi kaka alipokwenda kumzika mama yetu. Kwenye kikao cha nidhamu kazini Kanti aliulizwa kama aliufungua ukurasa ule, akajibu hakumbuki. Labda kweli hakumbuki, labda aliagizwa, labda aliogopa, na mimi sikuwepo. Ila najua kilichomuumiza kaka kilikuwa jibu hilo, kutoka kwa mtu aliyekumbuka siku za kuzaliwa za watoto wake wote wawili. Tarehe 30 Septemba 2021 aliondolewa kazini, na hema lile la mfano lilibaki kabatini kwake, limekunjwa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, akasafishwa damu mara tatu kwa wiki, hadi Jumapili tarehe 9 Februari 2025, alipotutoka saa nne asubuhi, Margaret akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika siku zote hizi, na wafanyakazi wenzake, waliokuja na walioshindwa kuja.

Alhamisi Kanti alifika nyumbani na maelezo ya kampuni tuyasome hapa, yakisema marehemu alistaafu kwa hiari. Margaret na watoto walikwisha kuamua kwamba yasomwe yaliyotokea. Margaret alimwekea karatasi mezani, akamuuliza, "Kanti, shemeji, hili neno ni la nani?" Kanti aliisogeza chai yake kando. Kisha akaomba kalamu, akalikata "alistaafu kwa hiari", akaandika juu yake "aliondolewa", neno lile lile nililowasomea hapa sasa hivi, akaondoka.

Kalale, kaka, umechoka.