Lenzi Niliyoipaka Rangi ya Viatu

Bwana asifiwe! Asifiwe na mliokaa mbele, asifiwe pia na sisi tuliozoea kukaa karibu na mlango ili tutoke upesi. Ndugu zangu, mimi ni Mutheu, Mama Pendo, mzaliwa wa Kitui na mpangaji wa Gatina, Kawangware. Navuka kuja kuabudu hapa Kambi Muru kwa sababu ndipo nilipookokea. Mnanijua kwa sauti kubwa. Leo, ninyi ambao hamkuwepo siku ile, nijueni na kwa mengine.

Kazi yangu ni kununua lenzi za kamera zilizotumika, mtandaoni, na kuziuza tena mtandaoni. Nina jicho, sijisifu. Lenzi ikinifikia siikagui kama mtu anayechagua nyanya. Nafunga pazia, nawasha tochi ya simu, naishika nyuma ya lenzi, kisha nachungulia kutoka mbele nikiinamisha polepole. Vumbi kidogo halina neno, kila lenzi iliyozeeka inalo. Mkwaruzo mdogo wa juu mara nyingi hauonekani kwenye picha. Shida ni kuvu. Kuvu huota ndani, katikati ya vioo, nyuzi nyeupe nyembamba kama mizizi ya mche wa mboga ya sukuma. Ikienea, picha zote hutoka na ukungu. Lenzi ya namna hiyo bei yake huanguka, na ni haki ianguke.

Basi siku moja nilinunua lenzi ya kupigia picha za sura. Muuzaji aliandika kwamba kioo ni safi kama maji. Nikawasha tochi. Ndugu zangu, mle ndani mlikuwa na shamba la kuvu! Nikampigia muuzaji, hakushika. Kesho yake hata ukurasa wake haukuwepo. Nilinyolewa bila maji, nami badala ya kulia yakaisha, nikaanza kutafuta kichwa cha kunyoa.

Mpira wa kushikia unaoizunguka ile lenzi ulikuwa umepauka, nikaupaka rangi nyeusi ya viatu. Nikaipiga picha dirishani kwa upande, pale kioo kinapong'aa na ya ndani hayaonekani. Nikaandika, "Lenzi safi, haina shida yoyote." Ilinunuliwa siku hiyohiyo. Ukurasa wangu haukuwa na jina langu wala sura yangu; niliituma kwa mtu wa boda, sikumwona mnunuzi na sikutaka kumwona. Jumapili nikaja hapa nikaimba mpaka jasho.

Sasa, Dada Akoth mnamjua. Ni yule wa Silanga anayepiga picha za harusi, ubatizo na matanga. Kwao ni kando ya ziwa, na mama yake alipofuka polepole, ukungu ukimzidi mwaka hadi mwaka. Muda si mrefu uliopita Akoth alisimama hapa akatwambia kwamba picha zake zimeingia ukungu, na kwamba hata akichungulia kwenye kamera anauona. Watu wa harusi moja walizikataa picha zote.

"Ni macho," akasema. "Sioni tena pa kulenga. Imenifikia vile ilimfikia mamangu. Nitauza kamera nirudi nyumbani, nisije nikapofukia Nairobi na sina mtu."

Kanisa likafunga siku tatu. Na nani aliyechaguliwa kumwekea mikono machoni? Mimi! Siku tatu nilishika kope za dada yangu kwa vidole hivi, nikakemea roho ya upofu mpaka sauti ikakauka. Ninaapa sikujua. Nilikuwa nakemea kazi ya mikono yangu mwenyewe, na Mungu alikuwa ananisikiliza.

Siku ya tatu, mchana, Pasta alifanya kama ilivyo desturi yetu, kila mwenye haja alete chombo chake cha kazi kiombewe. Fundi nguo alileta makasi, mwashi akaleta mwiko. Akoth akaweka kamera mezani. Nilipoishika ili niombe, vidole vyangu vilitoka vyeusi.

Rangi ya viatu!

Ndugu zangu, niligeuka nyuma. Mlango ulikuwa wazi, hatua kumi tu, na nilizihesabu. Ningeweza kusema nimeshikwa na kizunguzungu, nani angenikatalia baada ya siku tatu za kufunga? Akoth alikuwa amefumba macho akingoja.

"Mama Pendo, mbona umenyamaza?" akauliza. "Umeona nini?"

Nikamwambia, "Fumbua macho, dada. Nisaidie bahasha yako ya sadaka."

Mnajua hekalu letu, ni mabati matupu, dirisha hakuna, nuru ni ile ya mlangoni. Niliichomoa lenzi kwenye kamera, nikaielekeza mlangoni, nikashika bahasha nyeupe nyuma yake. Ni mbinu ya kazini, nimeifanya mara nyingi bila kushangaa. Siku ile nilishangaa. Njia yote ya Kambi Muru iliingia kwenye ile bahasha, miguu juu kichwa chini, watu wakitembea, paa zikining'inia, rangi zote zipo! Lakini juu ya yote kulikuwa na ukungu mweupe.

Kwenye mkoba nilikuwa na lenzi yangu mwenyewe, ya aina ileile, ninayolinganishia nyingine na ambayo siiuzi kwa bei yoyote. Nikaishika pale pale. Ukungu ukaondoka. Haleluya! Pasta alikuwa ameinama juu ya bahasha. Wazee wanasukumana kama watoto.

"Akoth, unaona nini?"

"Naona Mama Njeri akipita njiani na mtandio wake wa manjano," akasema. Halafu akapaza sauti. "Naona kamba ya nguo! Naona hadi kuku, aki! Kuku amepinduka!"

Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Yeye hakupiga. Alinigeukia taratibu.

"Kwa hivyo si macho?"

"Si macho. Macho yako ni mazima. Ni lenzi ina kuvu. Na ni mimi nilikuuzia."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Vigelegele vilikatika. Akoth alinitazama, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nimekuwa nikifunga macho kwa nyumba nikijifunza kutembea. Kutoka kitandani mpaka kwa jiko ni hatua nne. Nishazishika."

Nilianguka magoti. Sikuomba kwa sauti kubwa siku hiyo. Nililia tu, nikamnyooshea ile lenzi yangu nzuri kwa mikono miwili. Hakuipokea mara moja, na sikumlaumu. Mwishowe aliichukua, akaifunga kwenye kamera yake, akachungulia.

"Inua uso," akaniambia. "Nikuone vizuri."

Akanipiga picha.

Picha hiyo ndiyo ya kwanza kwenye ukurasa wangu wa mauzo hadi leo. Chini yake naandika kila kasoro ya kila lenzi, na anayekuja kununua nampa tochi mwenyewe kabla hajauliza. Ile yenye kuvu iko nyumbani juu ya kabati, haiuzwi.

Ee Mungu, asante kwa kutoniacha nitoke kwa ule mlango! Na wewe ndugu yangu, wewe dada, kama kuna kitu umekigeuzia watu upande unaong'aa, kilete leo kwa Bwana, umwache amulike kutoka nyuma. Usiogope. Njoo uitazame picha yangu kwanza. Pua inatiririka, kitambaa kimenitoka kichwani, na nyusi zangu unaweza kuzihesabu moja moja.

Haina ukungu hata chembe.