Kisanduku cha Vifundo Kumi na Sita

Benchi la Mtaa wa Kumi na Tisa, pale Medina ya Dakar, lina miguu mitatu na tofali moja. Limeegemea ukuta wa fundi cherehani ambaye alisafiri kwenda Touba tangu Jumatano, akawaachia wanywa kahawa ufunguo wake na umeme wake. Ngone Sarr hupanga birika zake upande wa tofali, kwa kuwa upande huo watu hukaa kwa adabu wakiogopa kupinduka. Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, mbele ya benchi palikuwa na meza ya kupigia pasi, na juu ya meza kinanda cha Kijapani chenye umri wa miaka thelathini na tisa. Kando ya kinanda kilikaa kisanduku kipya chenye vifundo kumi na sita vya kuzungusha, utadhani redio kumi na sita zimeozeshwa siku moja. Waya mmoja uliviunganisha. Walevi wa kahawa walikuwa wamekwisha kunywa kikombe cha pili na kinanda kilikuwa hakijabadili sauti hata kidogo.

Mwenye kinanda alikuwa Birame Diop, ambaye kijiweni wanamwita Vidole. Katika ujana wake alitengeneza ndani ya kinanda hicho sauti moja ya marimba, kavu kama mbao ya mlango wa msikiti, yenye mkwaruzo mdogo mwishoni. Kwa sauti hiyo alikaa kwenye bendi ya Adja Kine miaka thelathini na moja. Mwezi uliopita fundi mmoja alibadilisha betri ya ndani, na sauti zote zikafutika kama ubao wa shule siku ya kufunga. Kuitengeneza upya kwa vitufe vya kinanda chenyewe hakukuwezekana, maana vitufe vingi vilikwisha kufa kwa uzee. Ndipo binti yake aliyeko Bergamo, Italia, akamtumia kisanduku: unageuza kifundo hapa, kinanda kinabadilika kule. Na Adja Kine alikwisha kusema neno lake. Baada ya sala ya alasiri gari la farasi litakuja kuchukua kinanda kwenda kwenye harusi mtaa wa Gueule Tapée. Kikienda bila marimba, kiti cha Birame atakikalia kijana mwenye kompyuta.

Birame aligeuza kifundo cha kwanza. Kinanda kikalia vilevile, piii, kama filimbi ya mwamuzi. Akageuza cha pili. Piii.

Wa kwanza kusema alikuwa Matar Ndiaye, anayeitwa Redio kwa sababu anatengeneza redio, na pia kwa sababu hazimiki.

– Waya umeuchomeka kinyume. Toa kwenye tundu la kutolea la kisanduku, tia kwenye tundu la kupokelea la kinanda. Lakini Diop akiona tundu lolote hufikiri ni kinywa, anatafuta wali wa kutia.

Benchi zima likacheka, na Birame akacheka kuliko wote. Akamjibu kwamba tangu lini mtumwa wa Diop akafundisha bwana wake. Kisha akaacha waya ulivyo.

Hakuna aliyeona ajabu. Diop na Ndiaye ni watani tangu enzi za mababu wa mababu. Ndiaye akimwambia Diop nyumba yako inaungua, Diop atamwuliza kama amekuja na sufuria la kupashia. Birame alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita, na hakuwahi hata siku moja kufuata neno lililotoka kwa Ndiaye. Angeanzaje leo, mbele ya watu?

Kwa hiyo benchi likatafuta sababu ya maana.

Inspekta, ambaye alikuwa karani wa forodha bandarini mpaka alipostaafu, alikizunguka kisanduku mara mbili huku mikono iko nyuma. Alitaka kujua kimeingiaje nchini. Birame akasema kimeletwa na mpwa wa mtu, ndani ya begi, katikati ya soksi. Inspekta akafumba macho kama daktari aliyekwisha kuuona ugonjwa. Akaeleza kwamba kisanduku kinatoa ujumbe vizuri kabisa, ila ujumbe hauna karatasi, na kinanda cha Kijapani hakiwezi kupokea mzigo usio na karatasi. Wajapani ni watu wa utaratibu. Akaomba kalamu. Akaandika tamko la mzigo nyuma ya pakiti ya sukari, akaorodhesha vifundo kumi na sita, hali nzuri, matumizi binafsi, akatia sahihi, kisha akagonga muhuri kwa kitako cha kikombe kilicholowa kahawa.

– Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone – alisema, akiibandika karatasi juu ya kisanduku. – Geuza sasa.

Piii.

– Subira – Inspekta akasema. – Bandarini ilikuwa siku tatu.

Redio akavuta kahawa yake kwa sauti. Akasema kwamba hata waya ukigeuzwa, kinanda kina kufuli: kuna kitufe kinachokiruhusu kusikia amri za nje, na kisipobonyezwa kinanda kitakaa kimya kama Diop aliyeulizwa nani amemaliza nyama. Wakacheka tena. Birame akafuta machozi ya kicheko, kisha akatazama chini. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimeshafika kwenye miguu ya meza.

Zamu ikawa ya Yoro, kijana wa miaka arobaini anayefunga madishi ya televisheni, naye wanamwita Satelaiti. Yoro alimwonea huruma Inspekta waziwazi. Karatasi za nini, mzee wangu, katika dunia ya leo? Kisanduku kimetoka Italia. Kwa hiyo amri ya Birame inatoka kwenye kifundo, inapanda juu, inapita Italia kuomba ruhusa, ndipo inarudi kwenye kinanda. Na leo kuna vumbi la jangwani. Birame akauliza, sasa waya huu wa nini? Satelaiti akasema waya ni wa kuwatuliza wazee.

Akakamata mfuniko wa sufuria la Ngone, akasimama juu ya benchi, akauelekeza kaskazini. Benchi likainama upande wa tofali. Kwa muda wa vikombe viwili Birame aligeuza vifundo huku Satelaiti akizungusha mfuniko na kuuliza kama picha imekuja. Ngone alidai mfuniko wake, maana wali unakauka. Akajibiwa kwamba haraka haraka haina baraka.

Hapo Inspekta, aliyekuwa amenyamaza kwa hasira ya karatasi yake, akazuka na jambo zito zaidi. Kinanda kina miaka thelathini na tisa, kisanduku kina wiki mbili. Tangu lini mtoto wa wiki mbili akamwamuru mzee? Tena amekaa naye meza moja, usawa mmoja. Samaki mkunje angali mbichi, alisema, na wote wakaafiki ingawa hakuna aliyejua samaki ni nani kati ya wawili hao. Wakakiteremsha kisanduku chini, juu ya kandambili ya Satelaiti, ili kiombe kwa unyenyekevu. Piii. Satelaiti akasema kosa ni kwamba mtoto huyo hajapewa jina. Kisanduku kilifika kikapachikwa waya bila sherehe ya siku ya saba, bila uji wa mtama, bila mtu wa kukinong'oneza sikioni. Kinazungumza kama nani, ikiwa hakina jina?

Wakaanza kujadili jina. Inspekta alitaka Bergamo. Satelaiti alitaka jina la mama yake.

– Jina kinalo – alisema Redio, na safari hii hakucheka. – Kila ujumbe wa namna hii unaanza kwa kutaja ukoo wa kinanda unachokisemesha. Ukoo ukikosewa, kinanda hakigeuki. Hicho kisanduku kimewekwa kwenye namba ya ukoo mwingine. Kiweke namba saba.

Birame alimtazama. Kwa nukta moja alitaka kuamini. Lakini Redio naye aliona macho ya benchi yamemkodolea, Ndiaye anayemsaidia Diop mchana kweupe, na utu uzima ukamshinda.

– Au kiweke kwenye wali – akamalizia.

Kicheko kikapasuka. Na Birame, anayejua maana ya heshima, alihakikisha mbele ya wote kwamba namba saba haiguswi. Akaweka namba kumi na moja.

Muadhini alipoanza kuita sala ya adhuhuri, Birame hakucheka tena. Aliketi peke yake mbele ya meza wakati wenzake wametangulia msikitini, akaweka mkono wa kulia juu ya kinanda kilichozimwa sauti, akapiga mapigo ya marimba ambayo yeye tu aliyasikia. Vidole vilikumbuka vyote. Kijana mwenye kompyuta ana marimba mia nne, alisikia. Hakuna hata moja yenye mkwaruzo.

Redio naye hakwenda. Alijifanya anatafuta kiatu. Kisha akamsogelea Ngone, akanunua kikombe ambacho hakukihitaji, akanong'ona.

– Dada, mwambie wewe.

– Nimwambie nini?

– Hayo niliyosema tangu asubuhi. Waya, kufuli, namba saba.

– Wewe huna mdomo?

– Nina mdomo wa Ndiaye. Nikimwambia bila tusi, nitakuwa nimemvunjia heshima. Nikimwambia na tusi, haamini. Nifanyeje?

Ngone aliimimina kahawa toka juu, kikombe hadi kikombe, mpaka povu likasimama. Alikuwa mwanamke wa ukoo wa Sarr, hana utani na Diop wala Ndiaye, na tangu asubuhi alikuwa amepoteza mfuniko, kalamu na pakiti ya sukari. Akafuta mikono, akaenda mezani.

– Kaka Birame, geuza waya. Bonyeza kitufe cha kufuli. Weka namba saba.

Birame akamtazama kwa mshangao mkubwa.

– Umeyajuaje haya, Ngone?

– Nimeyajua tu.

– Ona sasa – alisema Birame, akichomoa waya. – Mtu mwenye akili amekaa hapa siku zote, sisi tunasikiliza vichaa.

Redio aliinamia kiatu chake.

Kitufe cha kufuli kilikuwa miongoni mwa vitufe vichache vilivyo hai. Birame akakibonyeza, akaweka saba, akageuza kifundo cha kwanza kwa ncha za vidole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto. Piii ikateremka, ikanenepa, ikawa mbuzi. Birame akaachia mkono. Akageuza tena. Mbuzi akawa kengele. Basi ndivyo ilivyo, aliwaza. Hata huku mtaani huwezi kumwuliza mtu bei ya samaki kabla hujamwita kwa ukoo wake, akaitika na kukuita kwa wako. Kisanduku kilikuwa kimekaa tangu asubuhi kikimwita mzee kwa jina la wenyewe.

Waliporudi kutoka msikitini walimkuta ameshafika kwenye mbao. Kila mmoja akadai kazi ni yake: Inspekta alisema karatasi imefika, Satelaiti alisema vumbi limetulia. Kisha wakagombana marimba ya zamani ilikuwaje. Inspekta aliikumbuka kama visigino kwenye sakafu ya forodha. Satelaiti, ambaye hajawahi kuisikia bendi hiyo, aliikumbuka kwa undani zaidi kuliko wote. Birame hakuwasikiliza. Alizungusha kifundo cha tisa unywele mmoja, akapiga, akatikisa kichwa. Cha nne, akapiga. Cha tisa tena. Mwanamke aliyekuwa akipita na beseni la samaki kichwani akasimama katikati ya njia, akaliteremsha beseni chini taratibu, akashika kiuno.

– Hiyo – alisema. – Hiyo nilichezea harusi yangu.

Birame alikuwa analia, na hakujificha. Mkwaruzo ulikuwepo. Alasiri ilikuwa haijaadhiniwa bado, kiti kilikuwa chake.

Gari la farasi lilifika wakati huohuo, limewahi. Mwendeshaji alikuwa mtu mpole mwenye kofia ya sufu, ametumwa na Adja Kine, hakujua habari ya marimba wala ya koo. Alisalimia benchi zima, mmoja mmoja, ukoo kwa ukoo, akauliza hali za nyumbani. Akatazama kinanda, akafuata kwa macho waya wa umeme mpaka ulipoingia kwa fundi cherehani, akainama na kuushika.

– Nikichomoa – aliuliza – hiyo sauti itabaki?

Inspekta akapapasa mfuko akitafuta kalamu. Satelaiti akatazama juu. Kitufe cha kuhifadhi sauti kilikuwa kimekufa miaka sita sasa. Kisanduku kinajua kubadili sauti, lakini kama kinajua kuiweka, hilo halikuwa limeulizwa na mtu. Satelaiti akaanza kukadiria kimyakimya waya wa mita ngapi unafika Gueule Tapée. Birame akamtazama Ngone. Ngone akatikisa kichwa: hayo hakuambiwa.

Basi Birame akageuka, mkono wa kulia ungali juu ya kinanda, akamtazama mtu wa mwisho.

– Ndiaye – alisema, taratibu, bila kicheko. – Itabaki?

Redio alisimama. Alitafuta tusi, akalikosa. Akatafuta jibu, nalo akalikosa.

Mwendeshaji aliendelea kuinama, ameshika waya, anangoja kwa heshima. Na Birame akaanza kupiga wimbo kuanzia mwanzo, wote, ule mrefu wa harusi, kwa sababu hakuna mtu mwenye malezi anayechomoa kinanda mtu akiwa anakipiga.