Upande wa Ukuta: Maisha ya Mwalimu Lambert Mwansa, 1946–1998

Ndugu wa damu na wa ndoa, majirani wa mtaa wa Panda, walimu na wanafunzi, mimi ni Barnabé, mdogo wa marehemu, fundi wa mashine kiwandani, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu, na ninyi mliozoea kumsikiliza yeye mtanivumilia.

Kaka Lambert alizaliwa tarehe 17 Juni 1946, katika kijiji cha wavuvi kando ya ziwa Tshangalele, mtoto wa kwanza wa baba yetu Adolphe, aliyewauzia samaki wakavu wafanyabiashara waliovuka mpaka kutoka Rhodesia ya Kaskazini, na ni kwao kaka alikookota Kiingereza chake cha kwanza, akiwa amekalia vikapu, kabla hata hajavaa viatu.

Alisoma shule ya msingi misioni, kuanzia 1953 hadi 1959, sekondari hapa Likasi, na mwaka 1970 akapata diploma ya ualimu wa Kiingereza kule Lubumbashi. Nyumbani tulimtania kwamba mji mzima unaongea Kiswahili na Kifaransa, sasa yeye Kiingereza ataongea na nani, naye akacheka.

Septemba 1970 alianza kazi katika sekondari moja ya mjini, akafundisha lugha hiyo na fasihi yake hadi alipougua, bila kuhama. Wanafunzi wake mnajua alivyofanya, aligawa darasa sehemu mbili, upande wa dirisha uulize, upande wa ukuta ujibu, hata mashairi yalisomwa hivyo, na kila somo lilianza kwa yeye kuuliza kwa Kiingereza kama wote wapo.

Tarehe 4 Agosti 1973 alifunga ndoa na Albertine Kabedi, mzaliwa wa hapa hapa Panda, ambaye baba yake alitoka Kasai kuja kufanya kazi kiwandani, wakapata watoto wawili, Danielle mwaka 1975 na Nicolas mwaka 1979.

Mwaka 1993 mnaujua, sitausimulia wote. Wenye asili ya Kasai waliambiwa kwamba hapa si kwao, wakalala nje stesheni wakingoja treni, na mwezi wa Aprili shemeji yangu aliondoka na watoto wote wawili. Kaka alibaki kwa sababu ya wanafunzi wa darasa la sita, wale wa mwaka wa mwisho, waliokaribia mtihani wa Serikali, akamwambia mkewe, "Examen ipite kwanza, nitakuya," naye Albertine akamjibu mbele yetu sote, "Lambert, weye ulioaka masomo, haiko miye." Mtihani ulipita, akafunga sanduku, lakini mwalimu mwenzake wa Kiingereza alikuwa ameondoka na treni ile ile, na wanafunzi wa darasa lililofuata wakaja nyumbani kumuuliza ni nani atawafundisha, akalifungua tena. Mwaka uliofuata ikawa vile vile, na uliofuata pia. Mimi nilimkasirikia, na hata leo mbele ya jeneza hili sijamaliza kumkasirikia.

Darasani, waliobaki walitaka kusogea kwenye madawati ya upande wa ukuta yaliyoachwa matupu na wenzao walioondoka na treni, akawakataza, akawaacha wa dirishani waulize, kisha yeye mwenyewe akavuka, akakaa kwenye dawati la mtoto, akajibu. Nyumbani alifanya hivyo hivyo, hata mama Madeleine, jirani yake, aliposikia sauti mbili ukutani alidhani mwalimu amepata mgeni, akaleta sahani mbili za bukari, akamkuta yuko peke yake na kitabu. Kaka alizipokea zote mbili, akashukuru.

Ugonjwa wa sukari ulimshika mwishoni mwa 1997, akalazwa mwezi Februari. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Machi 1998, alifumbua macho, akatazama upande wa ukuta, akauliza kwa Kiingereza kile alichokuwa akiuliza kila somo, kama wote wapo. Mimi sijui Kiingereza, lakini hilo nilikuwa nimelishika. Nikamjibu kwa Kiswahili, "Kaka, bote biko." Alifumba macho, na kabla ya saa sita mchana alikuwa ametutoka.

Tumetuma habari Kasai kwa fonie, ile redio ya misioni, tumeita asubuhi na jioni, na mpaka leo Alhamisi hakuna aliyejibu.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia na dawa chache walizokuwa nazo, majirani, mama Madeleine wa kwanza, walimu wenzake, na wanafunzi mliobeba jeneza tangu shuleni.

Wengine mmesimama juani mkishangaa kwa nini benchi hili la upande wa ukuta wa makaburi halina mtu. Ni la Albertine, Danielle na Nicolas. Kaka, nilikuambia wote wapo, na haikuwa kweli, lakini mahali pao hatukumpa mtu mwingine, na siku watakapofika ni mimi nitakayewaleta hapa ulipolala.

Pumzika kwa amani.