Laptop Iliyogoma Nyumbani Tu: Kumuaga Mama Bisibisi

Tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa karakana yetu ya kompyuta anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Wengi tunamwita Mama Bisibisi, kwa sababu bisibisi yake ndogo hukaa ndani ya kilemba. Kuna siku alitupekua mifuko sote akiitafuta, nayo imechomoza juu ya sikio lake. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Alianza na mashine za kuchapa, na kompyuta zilipoingia akajifunza upya huku akilea watoto. Karakana aliipokea ikiwa meza moja. Anatuachia vyumba viwili na mafundi waliopita wote mikononi mwake. Ni mkali, tuseme ukweli. Ukifunga mashine ukabakiza skrubu mezani, utaifungua tena mbele yake.

Amri yake maarufu ilibandikwa mlangoni: mteja aache mashine, chaja arudi nayo nyumbani. Chaja za wateja zilikuwa zikichanganyika na kuleta ugomvi. Sisi tulijaribu kila laptop kwa chaja kubwa ya karakana.

Mwaka jana akaja binti mmoja na laptop ya kuchezea michezo ya kompyuta. Alikuwa kwenye timu ya mashindano, na kila mchezo ulipopamba moto prosesa, ule ubongo wa mashine, ilipunguza kasi, picha zikakwamakwama, akafungwa. Nahodha alimpa mechi moja ya mwisho. Mashine ikizubaa tena, nafasi yake anapewa mwingine. Sisi tukasema ni joto. Tukasafisha feni, tukabadilisha dawa ya kupitisha joto, tukaijaribu, ikakimbia vizuri kabisa. Akairudisha. Tukaijaribu tena, nzima. Alipokuja tena akilia, mmoja wetu alinong'ona kwamba huenda binti hajui kucheza tu.

Mama Bisibisi alisikia. Alitukaripia kwamba hakuna anayelilia mashine nzima, akabeba mkoba wake, akaongozana na binti hadi kwao. Alimwambia acheze kama kawaida yake, naye akakodolea macho kipimo cha prosesa. Joto halikuwa na neno, ila umeme ulikuwa umebanwa mno. Hakuondoka. Alikagua kimoja baada ya kingine mpaka akafika kwenye chaja. Pini nyembamba ya katikati, ile inayoijulisha mashine nguvu ya chaja, ilikuwa imekatika. Laptop, kwa kutoitambua chaja yake, ilijibana isije ikaizidishia mzigo. Ugonjwa ulikuwa ukibaki nyumbani kila mara, na amri ya kuubakisha ilikuwa yake mwenyewe.

Aliporudi hakutafuta visingizio. Alibandua tangazo lake mlangoni, akalichana, kisha tukaenda sote, yeye akiwa mbele, kumwomba binti radhi na kumwazima chaja ya karakana.

Mechi ile binti alifungwa. Alitupigia simu akicheka: "Leo nimefungwa mimi mwenyewe jamani, mashine haina kosa!" Nahodha alimbakiza kwenye timu, maana sasa alikuwa amemwona anavyocheza. Mama Bisibisi alifuta machozi mbele yetu, wala hakujificha.

Mama, asante kwa ukali wako, na asante zaidi kwa kukubali kujisahihisha tukikutazama. Nenda ukapumzike, na maisha yako yawe mema. Mteja akituambia mashine inagoma kwake, tutakwenda kwake.