Mama Oili na Kopo Alilolirudisha Rafuni

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza mama yetu, tunawaomba mtuvumilie, kwa kuwa maelezo haya ni marefu kuliko mlivyozoea kusikia, na sehemu yake kubwa aliiagiza marehemu mwenyewe akiwa kitandani, alipomshika binti yake mkono akamwambia, “Siku hiyo msije mkanipaka rangi.”

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Oili, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1963, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa kwanza wa mlinzi wa kiwanda hicho na mkewe mshonaji. Baada yake alifuata mtoto mmoja tu, wa kiume, ambaye marehemu alimbeba mgongoni, akamfundisha kufunga kamba za viatu, na akamkingia kifua kwa wazazi hata pale alipostahili kuchapwa.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1980, kisha akachukua mafunzo ya biashara ya jioni. Tarehe 2 Februari 1983 aliajiriwa kuwa karani wa mauzo katika duka la spea za magari, ambako alidumu miaka mingi, hadi mwaka 1999 alipofungua duka lake mwenyewe la oili, chumba kimoja chenye mlango wa chuma uliokuwa haufunguki mpaka upigwe teke. Alikuwa mcheshi na hakuwa na haya na mteja, na mtu akiingia kuomba oili kama aliyonunua jirani yake, humwuliza, “Na jino likikuuma, utang'olewa jino la jirani?” kisha humtuma arudi na kitabu cha gari lake, akisoma humo gari linataka nini ndipo ainue mkono kuelekea rafuni.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988 na dereva wa lori la saruji, baba yetu aliyeketi hapa mbele, na wakajaliwa watoto watatu, binti mmoja na wavulana wawili. Mdogo wake baba ni fundi wa magari, na alikuwa na gereji mtaa wa nyuma ya duka, hivyo wateja walinunua oili kwa shemeji mtu na kwenda kumiminiwa kwa shemeji mtu, na kwa miaka mingi hapakuwa na neno kati yao.

Mwaka 2014 mdogo wake marehemu alinunua gari la Ulaya, la dizeli, jeusi, la viti vya ngozi, kwa ajili ya kuwabeba maharusi na wageni wa mikutano, akalileta dukani kabla hata hajalipeleka kwake, na mtaa mzima ukatoka kulitazama. Kitabu cha gari lile kilieleza wazi kwamba linahitaji oili ya sintetiki yenye majivu machache, ambayo nyuma ya kopo lake pameandikwa kuwa watengenezaji wa gari hilo wameikubali, kwa sababu kwenye bomba la moshi kuna chujio la masizi, na oili isiyo yake hulijaza majivu taratibu hadi injini ikose pumzi. Marehemu alisoma, akaelewa. Siku hiyo oili ya aina hiyo ilikuwa imemwishia, lakini duka la mpinzani wake ng'ambo ya barabara lilikuwa nayo, na makopo yake yalionekana kutoka pale alipokuwa amesimama.

Mdogo wake akamwuliza, “Dada, ndiyo yenyewe hii?” naye, ambaye hakutaka watu wote wale waone ndugu yake wa damu akivuka barabara kwenda kununua kwa mpinzani, alikuwa ameshika kopo la sintetiki nyingine, nzuri kwa magari mengine, yenye namba zilezile za uzito upande wa mbele, lakini nyuma haikuwa na maneno yale, akajibu, “Chukua, sintetiki ni sintetiki tu.”

Alijiambia kuwa ni mara moja, na kwamba haliwezi kuharibika kwa mara moja, na katika hilo hakukosea. Lakini oili yenyewe ilipoingia dukani, na mdogo wake akaja kwa ajili ya sevisi ya pili, marehemu alilishusha kopo lililo sahihi, akalishika kwa mikono miwili, akafikiria namna atakavyoulizwa kuhusu lile la kwanza, akalirudisha rafuni na kumfungia lile la awali, na tangu hapo kila alipokuja alifanya hivyohivyo, kwa sababu kila mara maelezo yalikuwa yamezidi kuwa magumu.

Tarehe 16 Aprili 2016, gari lilizimika barabarani likiwa limewabeba wazazi wa bwana harusi, ambao walifika kwenye sherehe ya mtoto wao wakiwa nyuma ya pikapu ya muuza magodoro. Chujio lilikuwa limeziba na tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, imekufa, injini nayo haikupona, na mdogo wake, aliyekuwa hana kazi nyingine, alianza kutafuta wa kumlaumu, akampata fundi, mdogo wake baba, aliyekuwa akilimiminia gari lile oili kila sevisi. Alisema kila mahali kwamba fundi humwaga oili nzuri za wateja kwenye madumu yake na kuwawekea iliyokwisha kutumika. Walipokutana nyumbani kwetu kuzungumza, alimgeukia dada yake akauliza kama oili aliyomwuzia ilikuwa sawa, naye akasema, “Oili yangu ni sintetiki halisi,” maneno ambayo hayakuwa na uongo hata chembe, na ambayo, alituambia baadaye, yalimuumiza kuliko uongo wowote aliowahi kusema. Baba, kwa aibu, alisimama akamwomba radhi shemeji yake kwa niaba ya mdogo wake mwenyewe, fundi akiwa palepale amejiinamia, na marehemu aliendelea kumimina chai mpaka ikafurika kwenye kisosi.

Wateja walihama gereji mmoja baada ya mwingine, na fundi akaanza kufungasha vifaa vyake. Siku moja aliingia dukani kurudisha machujio ambayo hakuwa na gari la kuyafunga, akasimama kidogo, akasema, “Shemeji, wewe unanijua. Umewahi kuniona nikiiba oili ya mtu?” Marehemu akajibu, “Hapana,” akayapokea machujio. Fundi akafuta macho kwa mkono wenye grisi, akamwambia, “Ahsante, shemeji, ni wewe peke yako uliyenitamkia hivyo.”

Shukrani ile ndiyo iliyomvunja. Alifunga duka mchana, akaenda kwa mdogo wake, akamleta nyumbani, akamwita na fundi, na mbele yao na mbele ya baba aliweka makopo mawili mezani, akayageuza upande wa nyuma, akawasomea. Hakulia wala hakujitetea. Mdogo wake alisema tu, “Mimi nilikuuliza, Dada,” akatoka, na ikapita miaka mitatu bila kuikanyaga nyumba ile. Baba alimwambia, “Uliniacha nimwombe radhi mtu kwa kosa lako,” na hakulirudia neno hilo tena hadi leo. Fundi akasema, “Nimekusikia, shemeji, lakini mimi sikuchafuliwa humu ndani, nilichafuliwa barabarani.”

Basi marehemu alikwenda barabarani, kwenye maegesho ya teksi, kwenye kituo cha mafuta, kwa madereva wa shule na wa ofisi, akawaambia mmoja mmoja kwamba oili ile aliichagua yeye, akijua, na fundi alimimina tu alicholetewa. Wapo waliomcheka, wapo waliohamia kwa mpinzani wake, na wapo waliomrudia fundi, ingawa si wote, na gereji yake ya zamani ilikuwa imeshachukuliwa na mwingine, akaanza upya kwenye kiwanja kidogo zaidi. Marehemu hakuwahi kusema kwamba amelipa kosa lake. Tulipomwambia asahau, alikuwa akiuliza, “Fundi naye amesahau?”

Mwezi Septemba 2022 aligundulika na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu, na mdogo wake, ambaye sasa ni dereva wa basi la shule, ndiye aliyempeleka na kumrudisha kila juma, mara nyingi wakiwa kimya, mara nyingine wakicheka kama watoto. Hali ilibadilika ghafla, na tarehe 21 Mei 2024 asubuhi, mumewe na mdogo wake wakiwa kando ya kitanda, aliaga dunia.

Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotulisha na kulala nasi hapa msibani, wenzake wa biashara, akiwemo mpinzani wake wa ng'ambo ya barabara, aliyefunga duka lake leo kwa heshima yake, na shemeji yake fundi, ambaye ndiye aliyeliendesha gari lililomleta mama hapa.

Alilotuagiza tulitamke kwa sauti, ili asiwepo atakayeondoka bila kulisikia, ni hili: fundi hakuiba oili ya mtu yeyote, wala siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Tumelisema, mama. Upumzike sasa, kwa amani.