Bwana Kesho Wanakuja na Soketi za Wodi ya Watoto

Familia, ikiwa katika majonzi makubwa na viatu vya kuazima, inautangazia umma, serikali, wahisani wa karibu na wa ng'ambo, pamoja na wadau wote wa sekta popote walipo na semina yoyote waliyomo, kwamba mfumo wa afya umeondokewa na nguzo yake. Nguzo hiyo ilikuwa ya kimo cha wastani, yenye miguu myembamba, na haikuwahi kusimama mahali pamoja. Kwa nguzo, hiyo ni kasoro. Kwa marehemu ndiyo iliyokuwa kazi.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1959, mtoto wa nne wa mpima ardhi na mshona nguo, katika zahanati ya chumba kimoja, juu ya meza ya kugawia dawa, maana kitanda cha kujifungulia kilikuwa kimepelekwa kuchomelewa mguu. Mama yake alishikilia hadi anaingia kaburini kwamba mtoto aliyezaliwa mezani usitegemee akae kitini. Hakutambaa. Alisimama, akaanguka, akasimama, akaondoka. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akimlea, anakumbuka utoto wake kwa upande wa kisogo tu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1967. Mwalimu mkuu, baada ya kuchoka kumwambia akae, alimpa kazi ya kugonga kengele ili apate sababu halali ya kutoka darasani. Ulikuwa uamuzi wa busara uliovuruga shule nzima. Kijana akisikia miguu inamwasha, anagonga. Na miguu ilimwasha muda wote. Wenzake walikwenda mapumziko kabla hawajachoka, na walimu walifundisha hesabu kwa kukimbizana. Hata hivyo alifaulu, akaendelea na sekondari, kisha chuo cha matabibu, alikohitimu mwaka 1983. Kwenye picha ya mahafali yeye ndiye ule ukungu wa pembeni kulia.

Mwaka 1984 aliajiriwa katika hospitali ya wilaya kama tabibu, na humo alifanya kazi mpaka alipostaafu, na baada ya kustaafu akaendelea kwenda, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwambia abaki nyumbani, mkewe akiwa wa mwisho kutamani. Wahisani walipoanza kumiminika, uongozi ulitafuta mtu wa kuwapokea, kuwatembeza na kuwarudisha kwenye magari yao kabla hawajaona choo. Jicho likamwangukia yule asiyekaa. Akawa Mratibu wa Miradi na Wageni. Kila ziara ilipokaribia alipita kwenye korido akipiga makofi: "Kesho wanakuja! Jamani, kesho wanakuja!" Wafagizi wakainua ndoo, wauguzi wakatafuta shuka zinazofanana, mfamasia akapanga maboksi matupu mbele na yaliyojaa nyuma, au kinyume chake, kutegemea kama wageni walikuja kusikitika au kujipongeza. Hapo ndipo alipopata jina ambalo hata wajukuu zake wanalitumia: Bwana Kesho Wanakuja.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hawakuwahi kuandaa ziara ya wahisani.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na mkunga wa hospitali hiyohiyo, mwanamke mtulivu mpaka wenye uchungu walikuwa wakimwomba naye apige kelele kidogo. Posa ilitolewa koridoni, mwendo ukiwa wa kasi. "Mwenzangu," alisema akipita, "nimefikiri, mimi na wewe tuoane." Mkunga akamjibu bila kuinua macho kwenye beseni lake: "Simama kwanza ndiyo uniulize." Alisimama. Familia inaamini ilikuwa mara yake ya kwanza. Katika picha ya harusi bibi harusi yuko peke yake anatabasamu. Bwana harusi alikuwa nyuma ya ukumbi akimsaidia fundi wa spika. Walijaliwa watoto watatu.

Sasa tufike kwenye soketi, maana hakuna aliyekuja hapa ambaye hajasikia habari za soketi, na wengi wamezisikia vibaya.

Wahisani wa kwanza walijenga wodi mpya ya watoto. Ilikuwa nzuri, yenye madirisha makubwa na ukuta uliochorwa twiga, na soketi zake zilitoka kwao: matundu mawili ya mviringo. Wahisani wa pili, wenye nchi yao na plagi zao, walileta mashine za oksijeni. Plagi zao zilikuwa na meno matatu bapa. Mashine zikafunguliwa kwa hotuba, utepe ukakatwa, mtu akainama kuchomeka, akabaki ameinama.

Marehemu aliwaendea wa jengo. "Sisi ni wa jengo," wakamwambia. "Plagi ni kifaa." Akawaendea wa vifaa. "Sisi ni wa vifaa. Soketi ni jengo." Akawaendea wahisani wa tatu, waliokuwa wamepanga ghorofa nzima mjini kwa ajili ya kuimarisha mifumo. Wakamkalisha, jambo ambalo peke yake lilikuwa adhabu, wakamweleza kwa upole kwamba wao hawashughuliki na soketi mojamoja. Wao wanatazama mfumo mzima.

"Na mfumo mzima unachomekwa wapi?" akauliza.

Wakamwandalia semina.

Mtauliza: basi mbona hamkubadilisha soketi wenyewe? Duka la vifaa vya ujenzi liko ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la hospitali, na soketi za matundu bapa zimening'inia msumarini mlangoni tangu enzi hizo. Swali ni zuri, na Mganga Mkuu wa hospitali alikuwa na jibu zuri vilevile. Wahisani wa jengo walikuwa wameahidi awamu ya pili: wodi ya wazazi. Wakati huo wazazi walilala wawiliwawili kitandani, mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule, na vichanga katikati. Masharti yalikuwa wazi: jengo lisiguswe mpaka awamu ya kwanza ikaguliwe na kufungwa. "Ukitoboa ukuta ule," Mganga Mkuu alimwambia, "unawatoboa akina mama." Marehemu, aliyekuwa na mkunga nyumbani, alilijua hilo kuliko yeyote. Akakunja mkono.

Ikabaki njia moja. Ofisi ya Mganga Mkuu iko kwenye jengo la zamani, na karibu na meza yake kuna soketi pacha inayokubali meno bapa. Mashine mbili zikahamia huko, na watoto waliobanwa na kifua wakazifuata. Ndivyo ilivyokuwa: barua zinasainiwa upande huu, upande ule mama anambembeleza mtoto mwenye mipira puani. Mganga Mkuu, ambaye yupo hapa mstari wa mbele na ameomba tusilitaje hili, alijifunza kuzungumza na simu kwa kunong'ona, na tunamshukuru.

Tatizo lilikuwa wageni. Ofisi ile ndiyo iliyokuwa na meza ndefu, viti vyenye mito, na soketi ya projekta. Kwa hiyo "kesho wanakuja" ikapata maana nyingine: keshokutwa haijulikani, ila kesho watoto watatolewa. Walirudishwa wodini kwenye twiga, wakapewa mtungi wa oksijeni wa kuazima chumba cha upasuaji, na mashine ikachomolewa ili projekta ichomekwe, ionyeshe picha ya mashine.

Siku moja mtungi uliisha. Mgeni rasmi alikuwa katikati ya hotuba, kwenye neno uendelevu, muuguzi alipochungulia mlangoni amembeba mjukuu wa dobi wa hospitali, midomo imegeuka rangi ya majivu. Marehemu hakuomba ruhusa. Alivuka juu ya meza, juu kabisa, na viatu, akang'oa waya wa projekta, akachomeka mashine, akamwekea mtoto mipira puani palepale juu ya kabrasha. Mtoto akalia.

Wageni wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mada.

Kutokana na tukio hilo alialikwa kwenye kongamano ng'ambo akaeleze ubunifu wake wa Huduma Shirikishi Ofisini. Alikwenda. Alirudi na mkoba wenye nembo, kalamu, na chupa ya maji isiyovuja. "Na soketi?" mkewe akamuuliza. "Wameipenda sana," akasema. "Wanataka kila wilaya iwe na ofisi yenye watoto." Jioni ile alizunguka nyumba yao kwa nje mpaka majirani wakadhani ameibiwa kuku.

Ugonjwa ulimwanza miaka miwili iliyopita. Mapafu yalianza kukakamaa. Daktari alisema yamechoka, naye akachukulia kama tusi. Mwezi uliopita alizidiwa, akalazwa, na kwa kuwa alihitaji oksijeni, akalazwa pale inapopatikana: ofisini kwa Mganga Mkuu, kitanda kikisukumana na kabati la mafaili. Mashine moja ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya mtoto mchanga wa muuza maji, na mama yake akilala chini ya meza ndefu.

Hapo wakaambiwa: kesho wanakuja. Ukaguzi wa mwisho wa awamu ya kwanza.

Mganga Mkuu alikuja kumweleza akiwa ameshika kofia yake mkononi. "Mzee wangu, wewe utabaki. Nimekuombea. Utakuwa ushuhuda. Ila projekta inahitaji tundu moja, kwa hiyo mtoto tutampeleka wodini kidogo tu."

"Na mtungi?"

"Mtungi umekwenda kujazwa."

Marehemu akamwita mkewe, akamwomba amletee bisibisi toka nyumbani.

"Bisibisi ya nini, Baba Watoto?"

"Miwani imelegea."

"Miwani yako ni ya plastiki."

"Basi uje nayo hivyohivyo."

Mkunga aliyazalisha mambo mengi maishani mwake na alijua jambo likishafika mlangoni halirudishwi. Aliileta, imefungwa kwenye taulo. Binti yao, muuguzi wa wodi ya watoto, alitumwa ng'ambo ya barabara kwenye ule msumari.

Asubuhi ya ukaguzi, fundi wa projekta alipoinama kumchomoa mtoto, sauti ilitoka kitandani: "Chomoa yangu. Mimi natoka kidogo." Wakadhani anakwenda chooni. Alikwenda wodini, ameshikwa kwapa na binti yake, akipumzika kila mlango na kukasirikia kila pumziko. Binti akazima umeme wa wodi kwenye swichi kuu. Baba akapanda kiti. Binti alimsihi amwachie yeye. Akajibu kwamba yeye ndiye aliyeziacha miaka yote, acha azitoe yeye. Soketi ya kwanza ikatoka na vumbi la twiga. Ya pili ikagoma, ikatoka.

Alikuwa kwenye ya tatu, jasho likimtiririka na pumzi ikilia kama mlango, msafara mzima ulipotokeza: wa jengo, wa vifaa, wa mfumo, na Mganga Mkuu nyuma yao akiwa amefumba macho. Jengo lilikuwa limeguswa, awamu ya pili ilikuwa inaning'inia kwenye waya mbele ya macho yao, na aliyeishika alikuwa mzee aliyevaa gauni la hospitali lililo wazi mgongoni. Ndipo kiongozi wa msafara akafungua mikono na kutangaza kwamba ndugu zangu, tunachokishuhudia hapa, kwa unyenyekevu mkubwa, ni jamii yenyewe ikiushika mfumo wake na kuusimamisha kwa miguu yake.

Jibu alilopewa litakuja mwishoni. Mkewe ameagiza lisomwe watu wakiwa wameshasimama.

Marehemu alifariki Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, katika wodi ya watoto, kwenye kitanda cha mtoto, miguu ikining'inia nje, mashine yake imechomekwa kwenye soketi ya pili, ile iliyogoma. Mashine nyingine zilikuwa zinanguruma kwenye kuta zote. Mtoto wa muuza maji alikuwa kitanda cha jirani, na ameruhusiwa jana. Kuhusu awamu ya pili, wahisani wanasema bado wanatafakari. Akina mama bado wanalala mzungu wa nne, na familia haitaki kuwadanganya kwamba bisibisi inatatua kila kitu.

Ameacha mjane, yule mkunga; binti mmoja, yule muuguzi, ambaye ameitwa kujieleza na atakwenda na mama yake, wana wawili, dada yake mkubwa, ambaye leo kwa mara ya kwanza amemwona usoni kwa kitambo kirefu, wajukuu sita, mmoja wao hatulii na tunaomba aliye karibu na kaburi amshike, pamoja na bisibisi, ambayo Mganga Mkuu ameikabidhi mwenyewe, kwa mikono miwili.

Tunamwombea apumzike kwa amani, tukijua hana uzoefu.

Sasa tusimame. Mgeni alikuwa amemaliza tangazo lake, mikono bado iko hewani, anangoja neno la mzee. Marehemu alimwangalia kutoka juu, bisibisi mdomoni. Akaitoa.

"Shika kiti hiki, kinayumba."