Nilipoitwa Mpangaji Nyumbani Kwangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naomba tusichoke kumsifu, maana mimi niliyesimama hapa nilikaribia kutolewa katika nyumba aliyoijenga mume wangu, na asubuhi hii nimetoka humo humo, nimefunga mlango kwa mkono wangu, nimekuja kanisani. Haleluya!

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Ndeshi, muuza ndizi pale sokoni Kariakoo. Mnanijua kwa mdomo pia, na wapo humu ndani ambao wakiniona nimenuna hupitia meza ya mbali. Leo mdomo huu una kazi nyingine.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi katika karakana ya reli, Gerezani. Nyumba ile tuliikandika sisi wawili, jioni baada ya kazi, yeye anakanyaga udongo na mimi nachota maji bombani. Vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele, jiko uani. Alipofariki, na binti yangu Ndeshi ameolewa Moshi, nilibaki nazunguka peke yangu humo ndani. Nikaamua kupangisha vyumba viwili vya mbele.

Ndugu zangu, kuwa mwenye nyumba ni kazi ya kujifunza, na mimi sikuwa na wa kunifundisha! Siku za mwanzo nilishtuka kila mtu alipokohoa ukumbini. Nilifagia mpaka kwenye mlango wa wapangaji, kisha nikasimama na ufagio wangu, sijui niingie au nirudi. Niliona haya kuwauliza lolote, kana kwamba wao ndio wamenikaribisha.

Wapangaji wenyewe walikuwa Salumu, fundi cherehani, na mkewe Mwanaidi, Waislamu, watu wa pwani ya Kisiju. Watu wazuri, sisemi uongo madhabahuni. Salumu aliweka cherehani yake barazani, akashona kanzu kutwa, akisalimiana na kila mpita njia.

Siku moja akanifuata uani, kichwa ameinamisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kuna nini?"

"Mama, wazee wangu wanakuja kunitazama. Kule nyumbani nilishasema kwamba nina nyumba mjini. Nisitiri, mama. Wakiondoka yamekwisha."

Nilitaka kucheka, nilitaka na kumfukuza. Lakini mtu mzima akikuomba umsitiri mbele ya wazee wake, utamwambia hapana? Nikakubali. Wageni walipofika nilikaa jikoni, nikawapikia kahawa, nikaipeleka barazani mwenyewe. Kaka yake mkubwa, mzee mmoja wa maneno machache, akauliza mimi ni nani. Salumu akajibu, "Mpangaji wangu huyu, mjane wa watu, namhifadhi." Nikaondoka na sinia langu. Roho iliniuma, nikajiambia kwamba ni maneno tu.

Miezi haikupita mingi Salumu akashikwa na homa, akafa. Matanga tuliyaweka pale pale kwangu. Nilitandika mikeka, nikapika na wanawake wa Kiswahili kwenye sufuria zao kubwa, nikalia nao. Mwanaidi akaingia eda katika chumba kile cha mbele, akashusha pazia mlangoni. Ninyi mnaokaa nao mnajua: mjane wao hatoki katika nyumba aliyofiwa mpaka eda iishe, wala haonekani na wanaume wageni, na akiweza hata sauti yake wasiisikie.

Basi siku moja narudi kutoka sokoni, namkuta yule kaka mkubwa mlangoni pangu na tajiri mmoja mwenye duka. Tajiri anagonga ukuta kwa kiganja, anatazama mabati. Nikasalimia. Kaka mkubwa akanijibu kwa upole kabisa:

"Pole na kazi, mama. Tunauza nyumba ya marehemu tugawane urithi. Wewe usihangaike, utapewa nafasi ya kutafuta chumba kwingine."

Ndugu zangu! Kapu la ndizi lilinianguka. Nilipiga kelele mtaa mzima ukatoka. Nikasema nyumba ni yangu, ni ya mume wangu, muulizeni yeyote! Na hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli, maana sikuona wa kumwuliza. Majirani wetu wa kwanza walikuwa wamehamia Magomeni. Hawa wapya walimjua Salumu barazani, na mimi walinijua kama mwanamke anayeingilia mlango wa uani na makapu yake. Nanyi wa kanisani wangesema mnamtetea mwenzenu. Karatasi ya kiwanja iko Machame kwa shemeji yangu, tangu msiba wa mume wangu. Na yule mzee hakuwa mwizi, ndugu zangu, hilo ndilo lililonitisha zaidi. Aliamini. Alikuwa amekunywa kahawa yangu akiamini.

Tukaitwa mbele ya jumbe wa mtaa, naye alikuwa mgeni kwenye kazi ile. Akasema atakuja kusikiliza barazani kwangu baada ya siku chache.

Siku zile sikula. Niliomba mpaka magoti yakauma. Wenzangu wawili, na hapa wapo lakini sitawataja, waliniambia, "Mtoe huyo mwanamke na virago vyake leo. Wakija wakute vyumba vitupu." Nilikwenda mpaka kwenye pazia lile, nina hasira za kutosha. Nikasema, "Mwanaidi, umesikia wanayosema shemeji zako?"

"Nimesikia, mama."

Nilingoja aongeze neno, hakuongeza. Nikaelewa. Salumu hakuacha mtoto, na kwa sheria yao mjane asiye na mtoto hupata robo. Robo ya nyumba, Kariakoo! Akinyamaza tu, ana pa kuanzia. Akisema, hana shemeji, hana robo, hana hata wa kumletea mchele. Na mimi nilikuwa na nguvu za kumburuta nje siku ile ile. Mkono wangu ulikuwa umeshalishika pazia. Nikasema, "Bwana, nishike," nikarudi uani. Sikuweza kumtoa mjane edani.

Siku ikafika, baada ya alasiri. Jumbe kakaa kwenye kiti changu, ndugu wa marehemu upande huu, tajiri upande ule. Mimi nimesimama, hakuna aliyeniambia keti. Jumbe akauliza, "Mama, karatasi iko wapi?" Nikasema iko Machame, nimeiagiza, haijafika. Akatikisa kichwa. "Kila mwenye shauri, karatasi yake iko mbali." Watu wakacheka. Kaka mkubwa akaeleza kuhusu kahawa, jinsi nilivyoileta, jinsi marehemu alivyonitambulisha. Kila neno lilikuwa kweli! Jumbe akanigeukia. "Ulisikia akikuita mpangaji, ukanyamaza?"

Nikasema, "Nilinyamaza."

Akanyoosha mkono. "Basi lete ufunguo kwa hawa wenye maiti. Karatasi ikifika, tutazungumza tena."

Nilikuwa nauvua ufunguo shingoni, uzi umekwama kwenye kilemba, niliposikia sauti kutoka ndani, dirishani, nyuma ya pazia. Ya chini, lakini kila mtu aliisikia.

"Msimtwike marehemu nyumba ya watu. Mume wangu alikuwa mpangaji. Nyumba ni ya mama huyo."

Kaka mkubwa akaruka. "Nyamaza, uko edani wewe!"

"Niko edani, shemeji, ndiyo maana sisemi uongo. Yule keshalala kaburini, anaulizwa peke yake. Mnataka aulizwe na hili?"

Haleluya! Hakuna aliyecheka tena. Yule mzee akaiokota fimbo yake, kisha akanitazama mara ya kwanza kama mtu. Akasema, "Mama, tusamehe." Tajiri alikuwa keshafika kona ya mtaa.

Lakini Mwanaidi hawakumsamehe. Wadogo wa marehemu walipita dirishani wakamwambia amewaaibisha, asiwajue tena. Nao kweli hawakurudi. Nilipomwuliza kwa nini alininyamazia siku ile pazia likiwa katikati yetu, akasema alikuwa anaogopa. Alikuwa hana pa kwenda, akaogopa, akaomba Mungu ampe kauli. Ndugu zangu, tulikuwa tunaomba chini ya paa moja, yeye na mkeka wake, mimi na magoti yangu, jambo lile lile!

Basi wewe uliyebanwa leo, usikate tamaa. Mtegemee Mungu, wala usimchagulie atakutetea kwa mdomo wa nani. Mimi nilimtazama jumbe, na msaada wangu ulikuwa nyuma ya pazia, kwa mtu ambaye nusura nimtupe nje. Namshukuru Bwana aliyenishika mikono!

Nina neno moja, akina mama, kabla sijakaa. Eda ya Mwanaidi inaisha Ijumaa. Kwao mjane hutolewa edani na ndugu zake, wanampikia, wanamvalisha nguo mpya, wanatoka naye nje. Yeye sasa hana ndugu hapa mjini. Taratibu zao siwezi, hizo watafanya majirani zao wa Kiislamu, nimeshazungumza nao. Ila wa kusimama mlangoni kumpokea hawatoshi. Njooni nyumbani kwangu.